Sahihi ya mwenye biashara haithibitishi mahitaji

Mwenye biashara alisaini hati yangu ya mahitaji, yaani orodha ya yale programu inapaswa kufanya, kila ukurasa, nikaenda kuandika programu ya stoo. Miezi minne baadaye mtunza stoo alikuwa bado anatumia daftari. Nilipomuuliza sababu, akanionyesha: mzigo hufika leo, ankara hufuata baada ya siku mbili au tatu, na programu yangu ilikataa mzigo usio na namba ya ankara. Bosi wake hakunidanganya. Mezani kwake mzigo na karatasi huonekana pamoja.

Tangu hapo, kwenye biashara ndogo namtafuta kwanza atakayebofya. Ilani ya Ajaili (Agile) ya mwaka 2001, tamko la watengenezaji programu kuhusu namna bora ya kufanya kazi, inatanguliza ushirikiano na mteja mbele ya majadiliano ya mkataba, lakini neno "mteja" lisikupoteze: anayelipa na anayetumia huwa watu wawili, hata penye wafanyakazi watano tu.

Kabla ya kuandika msimbo nachora skrini kwenye karatasi, kisha naomba kurasa za daftari za juzi, zile zile zenye mikwaruzo. Mtumiaji anaziingiza kwa penseli, mimi nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Anapokwama, au anapoandika pembeni kwa kukosa nafasi, pana hitaji ambalo halijasemwa. "Amerudisha mbili", "kalipa nusu": maneno kama hayo ni kanuni za biashara ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitaja kwenye mahojiano.

Kila hitaji tunaliwekea mfano wenye namba. Imeagizwa mifuko 40, imefika 37, ankara haijaja: stoo isome 37, na 3 ibaki ikidaiwa. Hicho ndicho kipimo chetu. Hitaji lisilopata mfano bado halijaeleweka, lisubiri.

Skramu (Scrum), mojawapo ya njia za kazi za Ajaili, inaruhusu mzunguko wa kazi wa hadi mwezi mmoja. Mimi nafanya wa wiki moja, na kikao cha kuijaribu programu ni dakika 30 tu, kwenye kompyuta ya mtumiaji, naye ndiye anashika kipanya. Akisema "nzuri", sihesabu kitu mpaka aitumie kwa kazi ya siku hiyo.

Mwenye biashara bado ndiye anaamua kipi kitangulie, maana fedha ni zake. Mimi na mtunza stoo tulipopendekeza kupokea mzigo bila ankara, alikataa kwa hofu ya wizi. Nikawakalisha yeye na mtunza stoo mbele ya lile daftari. Wakakubaliana: mzigo upokelewe na uuzwe, ila msambazaji asilipwe mpaka ankara ifike na hesabu zilingane. Kabla ya siku ile, kanuni hiyo haikuwa kwenye hati yangu wala kichwani mwa yeyote kati yao.