Jibu: Ferenc Molnár ni nani, na nianze na tamthiliya ipi?
Ndugu yangu, umeuliza Molnár alikuwa nani na uanzie wapi. Alikuwa mwandishi wa tamthiliya wa Hungaria. Anza na tamthiliya yake Liliom, nyingine zitafuata.

Liliom ni mpiga debe wa bembea ya farasi wa kuzunguka, huko Budapest. Mkorofi, mwepesi wa mkono, ila anampenda Julie na hajui kulisema hilo. Julie anapata mimba, jamaa anajiingiza kwenye uporaji, mambo yanaharibika, anajichoma kisu. Baada ya miaka 16 ya adhabu huko ahera anaruhusiwa kurudi siku moja tu amwone binti yake. Amemletea nyota aliyoiiba njiani. Binti anakataa kuipokea, naye Liliom anamzaba binti kibao. Halafu mtoto anamuuliza mama yake kama mtu anaweza kupigwa asisikie maumivu, na mama anajibu ndiyo. Hapo ndipo ninapogombana na Molnár kila nikisoma, maana kipigo kinauma. Lakini siwezi kuiacha.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1909 haikupokelewa vizuri. Mwaka 1945 Wamarekani waliigeuza kuwa Carousel, mchezo wa nyimbo uliovuma sana.

Molnár mwenyewe alizaliwa Budapest mwaka 1878, Myahudi, mwanahabari aliyeripoti hadi kutoka vitani Vita ya Kwanza ya Dunia. Unazi ulipopamba moto alikimbilia Marekani, akafia New York mwaka 1952. Riwaya yake kuhusu wavulana wa Mtaa wa Pál pia usiikose.