Zuhura mwanangu, kuhusu lile swali la semina

Asalaam aleykum mwanangu,

Vois yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa uani napalia mkaa, ndo maana jana sikujibu. Unasema kwenye zile semina zenu za Uislamu na haki na historia ya dunia, kuna mtu kanyanyuka kakuuliza, nyie Waislamu wa Bagamoyo mnaongelea haki wakati mababu zenu waliuza watu, na we ukakaa kimya. Sasa unaniuliza sie tulikuwa upande upi.

Pande zote mama. Ukoo wa baba yako walikuwa waungwana, mashamba ya minazi na watu wa kuwalimia. Bibi yangu mimi, mzaa mama, mama yake alikuwa mjakazi. Harusini hilo halisemwi, ila siku mawifi wakigombana utalisikia mpaka mtaa wa pili. Bibi akinisuka nywele alikuwa ananihadithia, mama yake siku ya kwanza kuvaa makubadhi alipita nayo barazani kwa watu, wakamwambia avue ayabebe mkononi. Akayabeba. Bibi akifika hapo anavuta nywele kwa nguvu, mi nalia, yeye wala hasikii.

Huyo mtu wako sasa atauliza dini ilisaidia nini. Mwambie habari za Sheikh Ramiya, we si ulikuwa unakwenda ziara yake mgongoni kwangu. Yahya bin Abdallah, alitokea Kongo, akaletwa hapa mtoto, mtumwa, akawa wa nyumba ya liwali, Amir bin Suleiman al-Lamki. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na mpaka anafariki 1931 watu wenye nasaba zao ndefu walikuwa wanamfuata yeye. Hiyo ni haki au si haki? Mi naona ni haki, lakini usiishie hapo kama wanavyopenda kuishia mashekhe wetu, maana nyumba aliyosomea ndo hiyohiyo iliyommiliki. Na sura ya Balad, tuliyokuhifadhisha una miaka saba, si inataja ile njia ya mlima, na cha kwanza kumwacha mtumwa huru? Watu walikuwa wanaisoma alfajiri, jua likitoka wanahesabu vichwa. Hilo usilifunike, ukilifunika watakufunulia wao.

Ila na yeye muulize upande wake. Bibi mpaka anakufa kitambaa cheupe cha pamba alikiita merikani, tulikuwa tunamcheka. Kumbe kweli, kilikuwa kinafumwa Massachusetts huko Marekani, na pamba yenyewe, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ilichumwa na watumwa wa kusini kwao. Ikaja na meli Unguja, ikavushwa huku, ikapanda bara vichwani mwa wapagazi, wengi Wanyamwezi na walikuwa wanalipwa, ikanunua pembe za ndovu, pembe zikaenda Connecticut kutengenezewa vibonye vya piano. Sasa hapo nani hayumo? Na Wadachi, Wajerumani hao, nao walitupiga kwa jina la kukomesha utumwa, Disemba 1889 wakamnyonga Bushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapiga, huko Pangani (naye Bushiri alikuwa na shamba na watumwa wake, usinichekeshe), afu wakatawala mpaka wanatolewa hawajaufuta. Sheria ya kuufuta Tanganyika imekuja 1922, Mwingereza keshaingia.

Na hizo semina zenyewe zisikutishe. Ilishakuja warsha hapa mjini, wageni na projekta yao, habari za njia ya misafara, kutwa nzima Kiingereza, sie wenyeji tumepangwa nyuma tunangoja sambusa. Mwisho mwisho wakampa maiki bi kizee mmoja aseme neno. Akasema, mie nauliza tu, mbona picha zote za minyororo, hamna hata mmoja anakula? Hawakuwa wanakula? Mkalimani akacheka, akawaambia wageni bibi anashukuru kwa kualikwa. Nilikuwa naelewa Kiingereza na sikunyanyuka kumsahihisha, mpaka leo linanikereketa, kwa hiyo kukaa kwako kimya sikulaumu, umerithi kwangu.

Ila wakikupa tena nafasi usianze na Waislamu walifanya hivi au Wazungu walifanya vile, utabishana mpaka kesho. Anza na mama yake bibi. Waambie aliitwa Faida, na jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na aliyemnunua. La kwao alilozaliwa nalo bibi hakuwahi kuambiwa.

Baba yako anasema nisikuandikie haya, eti ya kale hayo. Ukipiga simu piga baada ya isha, mchana huku umeme wanakata kata.

Mama yako