Baada ya kutolewa titi: dreni, bega na mkono

Mgonjwa akitolewa titi pamoja na tezi za kwapani, mara nyingi hurudi nyumbani na mrija mmoja au miwili inayoning'inia ubavuni, kila mmoja na kichupa mwishoni: hiyo ndiyo dreni. Maelezo ya mrija huo hutolewa haraka haraka siku ya kuruhusiwa, wakati mgonjwa bado ana maumivu na anayemuuguza anahangaikia dawa na usafiri. Ndiyo maana tunayarudia hapa kwa utulivu.

Chini ya ngozi, pale titi lilipokuwa, hubaki uwazi, na majimaji ya mwili huingia humo. Dreni huyafyonza. Inafyonza kwa sababu moja tu: kichupa chake kimeminywa kikabonyea, kisha kikafungwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanamwaga majimaji, wanafunga kifuniko, na kichupa kinabaki mviringo kimejaa hewa. Kichupa cha namna hiyo hakivuti chochote.

Kimwage asubuhi na jioni, au mara kikifika nusu, maana kikizidi hapo mvuto hupungua. Nawa mikono kwa sabuni. Shika mrija kwa vidole viwili karibu na ngozi usivutike. Kwa mkono wa pili ubane na uteleze vidole taratibu kuelekea kwenye kichupa, ili mabonge ya damu yashuke yasizibe njia. Fungua kifuniko bila kugusa mdomo wake kwa ndani, mimina kwenye kikombe chenye alama za mililita, kiweke mezani, inama usome macho yakiwa sawa na alama. Minya kichupa hadi kibonyee, na kikiwa bado kimeminywa hivyo, funga. Kisha kibane kwa pini kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda. Kikiachwa kining'inie chenyewe, uzito wake huvuta uzi ulioshika mrija kwenye ngozi.

Andika tarehe, saa na mililita, kila dreni na safu yake. Madaktari wengi huitoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Ukimwambia daktari "ni kidogo tu", unamlazimisha kubahatisha: akiitoa mapema, majimaji yanajikusanya chini ya ngozi na huenda yakahitaji kuvutwa kwa sindano, ikikaa mno, inakuwa njia ya vijidudu.

Siku za kwanza rangi ni nyekundu, halafu waridi, halafu njano hafifu. Damu nyekundu mbichi ikijaza kichupa ghafla, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Kichupa kikiwa kikavu huku bandeji imelowa, mrija umeziba: ukamue kama tulivyoeleza, usipofunguka piga simu wodini. Joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, usaha, harufu mbaya au wekundu unaotambaa kuzunguka mshono, hayo pia si ya kusubiri siku ya kliniki.

Sasa bega, ambalo tunaona husahaulika kuliko yote. Kwa kuogopa maumivu au kufumua mshono, mgonjwa huubana mkono ubavuni, na baada ya wiki chache bega linakakamaa. Tatizo hujitokeza zaidi wakati wa tiba ya mionzi ya saratani, kwa sababu mara nyingi mgonjwa hulazwa chali mkono umeinuliwa juu ya kichwa, mkao ule ule kila siku. Asiyeweza kuinua mkono huenda akacheleweshwa.

Kwa hiyo, daktari akiruhusu, anza siku inayofuata upasuaji: kufumba na kufumbua ngumi, kukunja na kunyoosha kiwiko, kupandisha na kushusha mabega. Mara 5 hadi 10 kila zoezi, mara tatu kwa siku. Dreni ikiwa bado ipo, usipandishe kiwiko juu ya bega. Ikishatoka, simama mbele ya ukuta, tembeza vidole kwenda juu hadi pale panapovuta bila kuuma sana, weka alama, na kesho ujaribu kuipita. Dawa ya maumivu imeze nusu saa kabla. Kuvumilia maumivu hakuna faida hapa. Ukiona kamba ngumu chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kiwikoni, si saratani kurudi. Hutokea baada ya upasuaji wa kwapa na hulegea kwa mazoezi, ila mwonyeshe mtaalamu wa viungo.

Mkono wenyewe unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye, kwa kuwa tezi zilizokuwa zikisaidia kurudisha majimaji zimepungua. Pima mzunguko wa mikono yote miwili kabla ya upasuaji, sentimita 10 juu na chini ya kiwiko, na uhifadhi namba hizo. Bila vipimo vya mwanzo ni vigumu kujua mabadiliko. Tofauti mpya ya sentimita 2, au pete iliyoanza kubana, inatosha kukurudisha kliniki, kwani uvimbe wa mapema hudhibitika kwa urahisi zaidi kwa bandeji na soksi ya kubana mkono. Vaa glavu ukilima au ukiosha vyombo, paka mafuta ngozi isipasuke. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na unauma, unahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo.