Pesa hizi ziko wapi?

Wiki yangu ya tatu katika kampuni ya bima, nilipewa taarifa ya robo mwaka niiandae iende TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Nilikesha nayo. Upande wa mali nikaweka hadi ada za bima zilizokuwa bado mikononi mwa madalali, nyingine zina miezi minane. Jumla ikapendeza. Bosi wangu, mama asiyependa maneno mengi, akauzungushia mstari ule wino mwekundu. "Mwanangu, pesa hizi ziko wapi?" Nikasema ziko njiani. "Na gari likigonga leo, utamlipa mtu kwa pesa za njiani?"

Wewe unayeanza, najua utavutwa na mauzo, maana ofisini mauzo ndiyo yanayopigiwa makofi. Anzia kwenye akiba ya madai, yaani fedha zinazotengwa kulipa madai ya wateja. Muuza duka anajua mzigo umemgharimu kiasi gani kabla hajauuza. Sisi tunauza kwanza, gharama tunaijua baadaye, pengine baada ya miaka mitatu, kesi ya ajali ikiwa bado mahakamani. Ndiyo maana mdhibiti hatuachii tushike ada za watu tunavyotaka.

Ukiona anakusumbua bure, soma habari za AIG ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzia Shanghai mwaka 1919, ikaja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za bima duniani. Kampuni zake za bima za Marekani zilisimamiwa na majimbo, na kila moja ilidaiwa akiba yake. Balaa kubwa lilitoka kwenye kitengo kingine, AIG Financial Products, chenye watu mia chache tu, baadhi yao wakiwa London. Waliuza mikataba ya namna hii: nilipe kidogo kila mwaka, mikopo hii isipolipwa nitakufidia mimi. Mtu yeyote wa bima akisikia hivyo atakwambia hiyo ni bima. Lakini kwenye karatasi haikuitwa bima, na sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ilikuwa imeiacha mikataba ya aina hiyo nje ya udhibiti. Akiba ya nini, basi? Kundi zima lilikuwa chini ya ofisi iliyozoea kusimamia benki ndogo za akiba na mikopo ya nyumba, kwa sababu tu AIG ilimiliki benki moja ya namna hiyo.

Tarehe 15 Septemba 2008 AIG ikashushwa daraja la ukopaji, yaani alama inayoonyesha uwezo wake wa kulipa madeni. Waliokuwa na ile mikataba wakataka dhamana ya fedha taslimu hapo hapo. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikatangaza kuikopesha dola bilioni 85, na serikali ikachukua karibu asilimia 80 ya umiliki.

Wapo wanaosimulia kwamba upande wa bima ulikuwa safi kabisa. Si kweli. Kampuni zake za bima ya maisha nazo zilipoteza mabilioni kwa kuazimisha hati zao za uwekezaji, kisha fedha za dhamana walizopewa na waazimaji wakazitia kwenye hati za mikopo ya nyumba.

Kwa hiyo ukifika mahali pa kazi, omba mchoro wa umiliki wa kundi zima, halafu uliza kila kisanduku kinatazamwa na nani. Kwetu bima ni TIRA, benki ni Benki Kuu, hisa na hatifungani ni CMSA. Siku hizi benki nazo zinauza bima, na mteja akija na malalamiko kila upande unamwelekeza kwa mwenzake. Jua mapema lipi ni lenu.

La mwisho ni dogo, ila limewaumbua wengi. Ukipewa jedwali la bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia kwa kampuni nyingine, usilinakili tu. Omba mkataba wenyewe. Nimewahi kukuta jedwali safi, asilimia zote zimetimia mia, na mkataba uko kwenye barua pepe ya mtu aliye likizo, unasubiri saini.