Koni za msonobari zimenijazia wadudu ndani

SWALI: Habari dada. Mimi hii baridi napenda kutembea porini, majani yote yamepukutika lakini naokota koni za misonobari (yale magumu yenye magamba yanayobeba mbegu), vijiti, matawi ya kijani, napanga sebuleni panapendeza kweli. Shida ni kwamba baada ya siku chache vidudu vinatembea mezani na yale matawi yanamwaga majani kila mahali. Nakosea wapi? Na manyoya ya ndege naweza kuweka?

JIBU: Karibu sana mdogo wangu, na wala usiache, nyumba wakati wa baridi inahitaji sana vitu kama hivyo. Tuanze na wadudu. Wamejificha kwenye koni wamelala kwa sababu ya baridi, ukiwaleta kwenye joto wanaamka, ndo hao unawaona. Kung'uta koni nje kwanza, alafu zipange kwenye trei yenye foili (utomvu ukiyeyuka ukagandia kwenye trei kuutoa ni kazi) uweke kwenye oveni nyuzi 90 hivi za Selsiasi kwa nusu saa au zaidi kidogo, na usiondoke hapo jikoni maana ule utomvu unashika moto. Usishtuke kama uliziokota zimejifunga, koni ikiloa magamba yanafunga na ikikauka yanafunguka yenyewe.

Matawi ya kijani yanakufa kiu tu, kwa sababu hewa ya nyumba yenye hita ni kavu mno, kwahiyo yakate upya ncha, tia kwenye jagi la maji, badilisha maji na usiweke juu ya hita. Msonobari unavumilia, sprusi (mti wa jamii ya msonobari wenye majani mafupi kama sindano) ndo inapukutika haraka sana ikiwa ndani kwenye joto. Yakishakauka toa, usiyaache karibu na mishumaa hata siku moja.

Manyoya mimi ningeacha, sehemu nyingine sheria inakataza kabisa kuokota ya ndege wa porini. Na kile kijani laini kinachoota kwenye mawe na magogo kiache pia, kinakua polepole mno, ukibandua kiganja kimoja panabaki kidonda miaka. Matunda mekundu ya holi (ule mti wa majani yenye miiba pembeni) yanapendeza lakini yana sumu, kama una mtoto anayetambaa au paka achana nayo, tena ndege wanayategemea saa hizi chakula hakuna.

Ila kama una mti wa cheri au fosithia (kichaka cha maua ya njano) kwenye bustani yako jaribu hii, mimi naipenda kuliko zote: subiri mwishoni mwa baridi, mti uwe umeshapata kama wiki 6 hadi 8 za baridi kali maana bila hiyo machipukizi hayaamki, kata matawi machache yenye vichipukizi vilivyovimba, weka kwenye maji sehemu yenye mwanga isiyo na joto kali, na ndani ya wiki 2 au 3 hivi yatachanua wakati nje bado theluji.