Asilimia 73 si idadi ya wanyama waliokufa

Ndugu yangu, umeuliza kama kampuni yenu itumie ile asilimia 73 ya ripoti ya 2024 ya WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, kupima athari zake kwa viumbe, ukidhani inasema kwamba katika kila wanyama 100 wametoweka 73. Hapana, haisemi hivyo. Ni wastani wa kupungua kwa makundi ya wanyama yanayofuatiliwa, kati ya 1970 na 2020. Chukua kinamasi chenye vyura 50 wakabaki 5, na mbuga yenye swala 10,000 wakabaki 9,000. Faharasa ya ripoti ile, yaani kipimo kinachotoa wastani huo, inazidisha 0.1 kwa 0.9, kisha inatafuta kipeuo cha pili: 0.3. Yaani imeshuka asilimia 70, ilhali wanyama waliopotea ni kama mmoja katika kila kumi!

Kwa kampuni yenu, namba ya dunia nzima haifai. Pimeni eneo lenu, na msitosheke na kuhesabu hekta za uoto wa kijani. Chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania, aliishi kwenye hekta 2 hivi za manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi 2000 manyunyu yakapungua, na 2009 akatangazwa kutoweka porini. Ukipima ukubwa wa eneo, utaona doa tu. Kipimo cha STAR (kifupi cha Kiingereza cha Species Threat Abatement and Restoration, yaani kupunguza vitisho kwa spishi na kurejesha makazi yao) huangalia hatari ya spishi kutoweka. Anzeni na hicho.