Mama Yangu Si Mzigo wa Kupakiwa kwenye Bajaji

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji aliyeko Muscat. Mama yake yuko Tanga, Ngamiani, ana miaka 74 na anaishi na binti wa kazi. "Dada," ameandika, "nimemwekea mama kila kitu ndani, friji, king'amuzi, mpaka feni ya ukutani. Lakini kila nikimpigia ananiambia, nipo tu mwanangu. Na sauti inazidi kuwa ndogo. Nifanyeje?"

Hilo "nipo tu" ndilo lililoninyima usingizi. Mama yangu mwenyewe aliniambia neno hilo miezi minane mfululizo, nami nikalipokea kama salamu.

Wanaonifuatilia siku nyingi wanajua mama anaishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba tofali kwa tofali. Miaka miwili iliyopita alianguka akishuka daladala kituo cha Bima. Konda alishagonga bodi, "twende!", na mguu mmoja wa mama uko chini, mwingine bado uko kwenye ngazi. Akatua kwa mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika. Wasamaria wakamkalisha kwenye benchi la muuza maji, wakaokota mkoba wake, na nyanya zake zote wakaziokota. Daladala ilikuwa imeshaondoka. Mama husimulia habari ya zile nyanya kuliko ya mkono. Anasema hata moja haikupotea.

Tukaitana kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa (anasoma hapa, ingawa hajawahi kuacha neno) akatoa hukumu: mama asitoke tena. Kama ni dawa zitaletwa, kama ni mboga zitaletwa, na kama ni ibada ipo redioni. Wote tukaitikia, na mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa, maana mimi ndiye niliyekuwa nalipa. Nikaleta binti wa kazi kutoka kijijini. Nikaongea na mwenye duka atume unga na sukari. Dawa za presha nikawa nafuata mwenyewe. Nilijiona mtoto bora Tabata nzima, na hapa hapa niliwahi kuandika makala ya kujisifu kuhusu jambo hilo. Nimeifuta.

Miezi iliyofuata haina simulizi. Nyumba ilikuwa safi, dawa zilikuwepo, mama alikuwepo.

Jumapili moja nikafika saa nane mchana nikamkuta bado yuko na nguo ya kulalia. Nikasema nimtoe kidogo, nikaenda kumchukulia viatu. Kile cheusi cha kutokea, alichokuwa anakipaka rangi kila Jumamosi jioni, kilikuwa chini ya kabati na buibui kashatandaza utando ndani yake. Nikakaa chini pale pale na kiatu mkononi. Nilipomshika mama kumwinua, magoti yalikuwa yanatetemeka. Mkono ulishapona zamani, miguu ndiyo iliyokuwa imesahau kazi yake. Daktari alimpima, akaniambia haoni ugonjwa mpya, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Huyu mama kwa wiki anatembea kwenda wapi?"

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunafikiri mzee akihitaji usafiri ni kwa ajili ya hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, wasio na uwezo wanatibiwa bure, na hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Hayo yote mema. Lakini dirisha lipo pale lilipo, na mzee yuko Tabata Kimanga, na kati yao kuna daladala ambayo konda akimwona mtu ana fimbo anamwambia dereva "twende, huyo atatuchelewesha." Mwanafunzi ana nauli yake ya punguzo. Bibi wa miaka 76 analipa sawa na mimi, tena akisimama.

Dada yangu yuko Birmingham, Uingereza. Siku nimempigia nikilia habari ya kiatu, akanieleza jinsi wazee wa kule wanavyotoka. Mpango wa nchi nzima ulianza Aprili 2008, na sasa mtu aliyefikia umri wa pensheni ya serikali ana kadi ya kupanda mabasi ya kawaida bure popote England. Siku za kazi kadi inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tano usiku. Nikamuuliza, kwa nini saa tatu na nusu? Akacheka. "Watu wa kazini wakishapita, si mabasi yanabaki matupu?"

Hapo akili ikanigonga. Ukipita kijiwe cha bajaji pale kwetu kuanzia saa nne hadi saa tisa, utawakuta vijana wamelala miguu iko juu ya usukani, wengine wako kwenye drafti. Asubuhi hawashikiki, jioni hawashikiki, mchana wanaota. Na bosi mwenye bajaji mchana hasamehi, hesabu yake ya siku ni ile ile. Kwa nini nisinunue saa zao zilizolala?

Nikamfuata mjumbe wetu wa shina, akaitisha watu. Tulipatikana nyumba tano zenye wazee: mama yangu, mzee mmoja mstaafu wa reli, bibi aliyefanyiwa upasuaji wa macho, na wanandoa wawili ambao hawasemeshani ila hawaachani, na mama mmoja aliyekuja kwenye kikao akasema yeye si mzee, amekuja kwa sababu ya magoti. Kila nyumba 30,000 kwa mwezi, jumla 150,000. Kijana mmoja wa kijiweni, mpole, mwenye bajaji isiyopiga muziki, akakubali. Kila nyumba safari mbili kwa wiki ndani ya Tabata na Segerea, mchana. Siku ya kliniki ni asubuhi, saa ambazo yeye anapata abiria wake, kwa hiyo kliniki tunamlipa nyongeza, na wazee wawili wanapanda pamoja. Kuna wiki walikorofishana kuhusu nani akae upande wa kivuli. Hilo sikuliingilia.

Kijana yule alitufundisha mambo. Bajaji si ya juu sana, lakini kwa goti bovu ile hatua ni ukuta. Akamwomba fundi seremala kigoda kifupi, akakifunga nyuma ya siti kwa mpira wa tyubu. Akifika anasema "Shikamoo bibi," anateremka, anaweka kigoda, anangoja. Mzee hapandi kwa mguu kwanza. Anageuka, anaishika nguzo, anatanguliza makalio kwenye siti, kisha anaingiza mguu mmoja mmoja. Mama siku ya kwanza alikataa kushikwa. Akapanda mwenyewe, akaitandaza khanga mapajani, akamwambia kijana, "Haya, ondoa, unangoja nini?" Nilikuwa nimesimama getini. Nilikuwa sijaisikia sauti ile muda mrefu.

Ningeishia hapo ningekuwa nawadanganya.

Mimi ni mtu wa kupenda kujua. Fedha ya dereva nilikuwa namtumia mwenyewe kwa simu, na tulikuwa na makubaliano yetu mimi na yeye: kila safari anitumie ujumbe. "Bibi kafika sokoni." "Bibi katoka kanisani." "Bibi kapita kwa mama mchungaji, dakika 40." Nilikuwa ofisini nimejaa raha, naona mama yangu anavyotembea kama mtu wa mnara wa ndege anavyoziona ndege zake.

Alhamisi moja ukaja ujumbe: "Bibi anaomba nimpeleke Buguruni." Nikajibu, hapana, malori mengi, mrudishe nyumbani. Akamrudisha. Alitii mtu anayemlipa.

Mama akanipigia jioni.

"Mwanangu, hivi ulipokuwa kidato cha nne nilikufuatilia kwa dereva?"

"Mama, ni kwa usalama wako."

"Nimekuuliza, nilikufuatilia?"

"Hapana mama."

"Basi. Mwambie huyo mjukuu wangu wa bajaji asije tena. Mimi si gunia la mkaa, la kupakiwa hapa likashushwe pale."

Wiki tatu hakupanda. Kanisani alikwenda kwa miguu na mwavuli, juani, huku kigoda kinampita barabarani kimefungwa nyuma ya siti. Nikamwomba radhi kwa simu, akasema amenisamehe, na hakupanda. Buguruni alitaka kumwona shoga yake, mwuza samaki, waliocheza naye upatu tangu sisi watoto hatujaanza shule. Mimi sikuuliza anakwenda kwa nani. Niliuliza barabara ikoje. Shoga yule alifariki wiki ya tatu ilipokuwa inaisha. Mama alikwenda kuzika, na Buguruni akaenda kwa bajaji hiyo hiyo, nami ndiye niliyelipa. Sitaki kuongeza neno hapo.

Ndugu zangu, mzee haishi kwa kliniki. Kliniki ni mara moja kwa mwezi. Mzee anaishi kwa msiba, kwa soko, kwa upatu, kwa kwenda kumwona fulani ambaye hana jambo lolote la maana ila anajua jina lake la utotoni. Hizo safari sisi tunaziita za bure, ndizo tunazozikata kwanza. Halafu tunashangaa mtu anakaa kitini mpaka kiti kinamzoea. Tuache. Na tuache kusema "nampenda mama, ndiyo maana simruhusu." Kumruhusu! Nani alikupa wewe mamlaka hayo? Mtu aliyekubeba mgongoni leo umeshika funguo za geti lake?

Nimejifunza kitu kimoja, na msinitafutie cha pili: fedha ya nauli iwe mkononi mwa mzee. Tarehe mosi nampa mama mgao wake wa bajaji taslimu, anafunga kwenye pindo la khanga, na dereva anamlipa yeye kila safari. Anapatana bei ya safari za mbali mwenyewe, na nasikia ni mkali kuliko mimi. Namba ya kijana iko kwenye simu yake ya kitochi, anabonyeza mbili na kushikilia, basi. Nyumba nyingine nne nazo wamefuata, isipokuwa mzee wa reli ambaye hataki kushika fedha kwa sababu anasema atainywa, na huyo binti yake anamtunzia. Kila mtu na mtu wake. Ila msingi ni huo: fedha mkononi mwake, namba ya dereva kwake, safari ni yake. Ukilipa wewe, dereva ni wako. Akilipa yeye, dereva ni wake.

Na taarifa za "bibi kafika" nimezikomesha. Nilimwambia kijana asinitumie tena labda mtu kaanguka. Akaniambia, "Dada, na mimi nilikuwa naona aibu."

Kaka yangu bado hajakubali. Kwenye kundi la familia aliandika kuwa nimemfanya mama kuwa mzururaji wa kwenye bajaji, na siku akianguka tena nisimwite mtu. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, maana miezi ile yote mama aliyokaa ndani yeye alikuja mara mbili, zote akiwa na haraka. Lakini nitasema na hili. Mama anaweza kuanguka. Anaweza kuanguka sokoni, na anaweza kuanguka bafuni, ambako hakuna muuza maji wa kumkalisha kwenye benchi. Mimi nimechagua sokoni. Nimeulizwa na majirani wa mitaa mitatu tulivyoanzisha, na wawili wameshaanza. Mwenye kucheka acheke.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Muscat. Tanga mmejaliwa, mji ni tambarare, kila mtu ana baiskeli na bajaji hazihesabiki. Dereva utampata kesho. Usianze na dereva. Mpigie mama leo, na usimuulize amekula nini wala kama ametumia dawa. Muulize kuna nani hajamwona siku nyingi. Anyamaze, na wewe nyamaza, usijaze. Atakutajia. Ukishapata majina matatu ndiyo utafute kijana, awe na subira kuliko mwendo, na kigoda. Halafu ile fedha unayomtumia binti wa kazi kwa ajili ya nauli ya mama, mtumie mama.

Naandika haya saa kumi jioni. Mama nimempigia mara tatu tangu saa saba, hapokei. Binti wa kazi anasema ameondoka na yule mama wa magoti, wamevaa vitenge vya sare, hawakusema wanakwenda wapi, ila walikuwa wanacheka. Namba ya dereva ninayo hapa mbele yangu. Sijampigia.